Wanaume wa Benchi la Maji

Nilifanya kazi ya ukalimani katika mahakama ya Machakos kwa miaka ishirini na minane. Mtu aliposimama kizimbani akasema kwa Kikamba, mimi nilimwambia hakimu alichosema, neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza. Nimetafsiri matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nimetafsiri habari za vitandani, mke akiwa upande huu na mume upande ule, watu wamejaa mpaka madirishani, na sauti yangu haikutetemeka hata siku moja. Mtu angedhani basi kwamba daktari aliponiambia nina saratani ya tezi dume, ningeenda nyumbani na kumwambia mke wangu vivyo hivyo. Sikuweza. Nilimwambia kwamba kibofu kimeingia baridi.

Naandika haya kwa sababu nimepona kiasi cha kucheka, na kwa sababu najua kuna mwanaume mahali fulani, Mitaboni au Kithimani au mbali zaidi, anayemwambia mkewe uongo kama huo wangu. Mambo ya kidaktari sitayagusa. Nitasema yaliyonipata mwilini, na yaliyonipunguzia taabu.

Ulikuwa mwaka ule shule za msingi zilipofanywa kuwa za bure, darasa la kwanza likajaa mpaka watoto wengine wakakaa sakafuni. Nilikuwa na miaka hamsini na minne, nimebakiza mwaka mmoja nistaafu. Nilikuwa naamka mara nne, mara tano kwenda choo, na mkojo unatoka kwa kusitasita kama shahidi aliyefundishwa. Daktari wa mjini alinituma Nairobi. Huko walipima damu, wakachukua vipande vya nyama, na mwisho wa Juni nikapewa jibu.

Aliyenipa jibu alikuwa daktari kijana mwenye adabu. Alisema ugonjwa umekutwa bado haujasambaa. Tungeanza na sindano ya homoni, halafu baada ya miezi mitatu ningepigwa mionzi, Jumatatu mpaka Ijumaa, kwa wiki saba.

"Tunatarajia upone, mzee," alisema. "Lakini matibabu yenyewe yatakusumbua kidogo."

Nikaishika ile "kidogo" kwa mikono miwili, nikarudi nayo nyumbani.

Kama aliniambia sindano ile ingenifanya nini, sikusikia. Julai ikafika. Julai ya Machakos mnaijua: ukungu umekalia vilima vya Iveti mpaka saa nne, na hakimu amevaa sweta ndani ya koti. Mimi nikawa natokwa na jasho. Joto lilianzia kifuani, likapanda shingoni, masikio yakawaka, na dakika chache baadaye nimelowa na kutetemeka kwa baridi. Siku moja shahidi alikuwa anaeleza jinsi mizinga yake ya nyuki ilivyoibwa, na mimi najipangusa uso kwa leso mara ya tatu. Hakimu akaweka kalamu chini.

"Mkalimani," akasema, "ni wewe uliyeiba hii mizinga?"

Mahakama nzima ikacheka, na mshtakiwa akacheka kuliko wote.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa jikoni na mke wangu, Mama Mwende. Joto likanijia ghafla, nikavua sweta, nikavua shati, nikachukua kifuniko cha sufuria na kuanza kujipepea. Yeye alikuwa anachagua maharagwe. 

"Baba Mwende, hiyo baridi ya kibofu inachoma namna hiyo?"

"Ni hewa tu. Humu ndani hakuna hewa."

"Hewa gani? Mlango uko wazi na nje kuna ukungu." Akaja, akanigusa shingo. "Inaanza hapa kifuani, inapanda, masikio yanawaka. Halafu unabaki umelowa, unasikia baridi. Ama?"

Nilishtuka. "Nani amekuambia?"

"Nani aniambie? Hiyo ni yangu. Niko nayo mwaka wa tatu, na wewe umelala hapo kando unakoroma." Akaanza kucheka, kisha kicheko kikamkatika. "Lakini wewe ni mwanaume. Umeitoa wapi?"

Hapo ndipo nilipomwambia. Nilisema jina la ugonjwa, nikasema sindano, nikasema mionzi ya wiki saba inayokuja. Nilisema pia kwamba mambo ya chumbani huenda yakabadilika, na hilo nililisema nikitazama maharagwe. Nilingoja alie au anigombeze. Alichukua kile kifuniko mkononi mwangu, akavuta kigoda, akaketi mbele yangu na kuanza kunipepea.

Baada ya siku hiyo akawa mwalimu wangu. Alinifundisha kuvaa nguo mbili nyepesi za pamba badala ya moja nzito, ili niweze kuvua moja mbele za watu bila kujiaibisha. Alinikataza chai kali na pilipili jioni. Alinipa kitambaa kibichi cha kuweka shingoni nikienda kulala, na dirisha likaachwa wazi kidogo. Joto halikuisha, lakini lilipungua, na zaidi ya hapo, lilipata mwenyeji. Likinishika nilimwambia, "Mama Mwende, amefika." Naye alijibu kutoka huko aliko, "Mkaribishe." Likitushika sote pamoja, tulikuwa tunatoka nje uani kwenye baridi kama watu wawili waliofukuzwa nyumbani, tunacheka. Sikumbuki tukicheka hivyo tangu watoto wakiwa wadogo.

Oktoba nikachukua likizo, nikaanza mionzi. Kila siku nilipanda basi la alfajiri kwenda Nairobi na kurudi mchana. Siku ya kwanza walinichora mistari ya wino kiunoni na mapajani, wakaniambia nisiioshe, kwa sababu ndiyo inayoelekeza mashine. Mionzi yenyewe haiumi. Unalala juu ya kitanda kigumu, mashine inanguruma, inanyamaza, unaambiwa uamke. Hata chai kupoa huchukua muda mrefu kuliko hapo. Kazi kubwa ilikuwa kwenye benchi nje.

Aliyesimamia benchi hilo alikuwa Sista Njeri, muuguzi mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa michezo. Alitueleza sheria akishika mfuko wa nailoni.

"Hiki ni kibofu," alisema, akaujaza maji bombani. "Kikijaa, kinasukuma matumbo juu, mbali na mionzi. Kikiwa tupu, matumbo yanashuka, yanachomwa bure. Kwa hivyo hapa mtu anaenda choo kubwa kwanza, halafu anakunywa vikombe vitatu, halafu anangoja. Hakuna kukojoa mpaka mashine imalize. Tumesikizana?"

Tulisikizana. Sasa wafikirie wanaume sita watu wazima, kila mmoja ana kibofu kilichokuwa na shida hata kabla ya kujazwa, wamekaa mstari mmoja wakibana magoti. Mtu hathubutu kukohoa. Mtu hathubutu kusema jambo la kuchekesha. Asubuhi moja mfanyakazi wa usafi alifungua bomba la kujaza ndoo yake pale koridoni, maji yakaanza kulia, na sisi sote sita tukapiga kelele kwa pamoja: "Funga!" Yule mama aliruka, akaacha ndoo.

Kwenye benchi hilo nilipata marafiki wawili. Wa kwanza alikuwa Mzee Mutiso, mkulima wa Kalama, miaka kama sabini, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha salamu na bei za sokoni. Tulikuwa tunapanda basi moja, na Sista alipogundua kazi yangu, akanifanya mkalimani wake. Mzee alinipa jina *Mundu wa koti*, yaani mtu wa mahakama. Wa pili alikuwa Nur, Msomali, mfanyabiashara wa mbuzi na ng'ombe kutoka Kithimani, mrefu, ndevu amezitia hina. Wiki hizo saba alikuwa anakaa kwa dada yake hapo Nairobi. Yeye alisema Kiswahili haraka sana, kama mtu anayenadi.

Wiki mbili za kwanza zilipita vizuri hata nikaanza kujisifu. Ya tatu ikanishika. Tumbo likafunguka, nikawa nakimbia choo mara sita, mara saba kwa siku. Mkojo ukawa unachoma kama umetiwa pilipili. Uchovu ukanikalia mabegani. Nilikuwa naweza kukaa kitandani nikishika soksi moja mkononi, nikijiuliza kama inafaa kuivaa.

Nyumbani, Mama Mwende aliona nakonda, akafanya anachokijua. Alinipikia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kuchemshwa na maharagwe, chakula ambacho Mkamba hapewi nusu sahani. Alinipikia kabichi na sukuma wiki. Alinipa maziwa glasi kubwa, na uji wa wimbi. Kadiri alivyonilisha ndivyo nilivyokimbia, na kadiri nilivyokimbia ndivyo alivyoongeza. Dada yangu Nduku alikuja kutusalimia, akanitazama, kisha akamwambia mke wangu, "Kwani huyu anakula kwako kweli?" Usiku huo Mama Mwende aliosha sufuria kwa kelele.

Ijumaa ya wiki hiyo akavaa viatu vyake vya kanisani, akasema tunakwenda sote. Alikaa na sisi benchini, mwanamke pekee kati ya wanaume sita wanaobana magoti, na Sista alipotokea akasimama.

"Sista, huyu anakula vizuri lakini anahara mara saba kwa siku. Tena akikojoa anauma meno, anadhani simwoni."

Sista alinigeukia. "Mara saba? Na kila asubuhi nakuuliza habari, unaniambia nzuri?"

"Niliona aibu," nikasema.

"Anakula nini?" akamuuliza mke wangu.

Mama Mwende akataja, muthokoi, maharagwe, kabichi, maziwa, wimbi, akihesabu kwa vidole kwa fahari. Sista akaanza kucheka mpaka akashika ukuta.

"Mama, hicho ni chakula cha mtu anayeenda kulima. Huyu matumbo yake yamechubuka. Ukichubuka mkono, utausugua na gunia?"

Akatupeleka pembeni, akatueleza yote bila haraka. Kwa sasa nile wali mweupe, viazi vilivyomenywa, ndizi mbivu, yai, kuku bila ngozi, ugali laini. Maziwa, maharagwe, kabichi na maganda yote yangoje mpaka baada ya mionzi. Ninywe maji kidogo kidogo mchana kutwa, na yale yenye chumvi na sukari nikihara sana. Chai kali niiache, inauchokoza mkojo. Sehemu iliyochorwa isiguswe na sabuni wala mafuta ya aina yoyote, na chupi iwe ya pamba, isibane. Jioni nikae ndani ya karai la maji ya vuguvugu kwa dakika kumi, kisha nijikaushe kwa kugusagusa, si kwa kusugua. Na hata nikichoka namna gani, nitembee nusu saa kila siku.

"Na dawa ya tumbo nitakupa," akamalizia. "Iko hapo kabatini tangu wiki iliyopita. Ilikuwa inangoja useme."

Nilidhani Mama Mwende angefurahi. Tulipofika nyumbani akavua viatu, akakaa.

"Wiki nzima nakupikia kitu kinakuumiza, na unakula tu?"

"Ulikuwa umepika kwa bidii."

"Sijali bidii!" Sauti ilimvunjika. "Ulinificha ugonjwa. Sawa. Sasa unanificha mpaka kuhara? Tumezaa watoto wanne, Baba Mwende. Ni nini yako sijaona?"

Nilimwomba msamaha, na siyo kwa ile njia ya kiume ya kununua sukari na kunyamaza. Nilisema, "Nisamehe." Alifuta macho, akaenda kumenya viazi. Baada ya siku tano tumbo lilikuwa limetulia hadi mara mbili, tatu kwa siku. Mkojo ulichukua muda zaidi, lakini ule ukali uliondoka. Karai lile la jioni nikalipenda hata nikawa nalisubiri. Yeye alikaa nje ya mlango akinisimulia habari za chama cha akina mama, na mimi nikiwa ndani nimeketi kama mtoto anayeogeshwa.

Lakini Mzee Mutiso alikuwa anazidi kudhoofika. Ilikuwa wiki ya nne, mvua za vuli zimeanza, na watu wote wa Kalama wako shambani isipokuwa yeye. Alikuwa anahara kuliko nilivyohara mimi, na siku nyingine kulikuwa na damu. Asubuhi moja ndani ya basi akaniambia kwa Kikamba:

"Mundu wa koti, kesho sitakuja. Mimi nimemaliza."

"Bado wiki tatu, Mzee."

"Nitapanda mbaazi zangu. Kama ni kufa, nife nikiwa shambani kwangu."

Mkalimani wa mahakama hana ruhusa ya kuuliza swali lake mwenyewe. Ukikaa miaka ishirini na minane bila kuuliza, kuuliza kwenyewe hupotea. Kila asubuhi Sista alikuwa anamuuliza mzee, "Umekunywa maji?" Mzee alijibu amekunywa, nami nikamwambia Sista, "Amekunywa." Neno kwa neno. Siku hiyo nilimgeukia nikauliza langu.

"Mzee, maji unakunywa kweli?"

Tulikuwa tumeshavuka Athi River aliposema.

"Wiki ya kwanza nilikunywa. Tukirudi, basi lilikuwa limejaa. Nilikaa na msichana, mzuri, amevaa nguo ya ofisi. Maji yakanitoka. Sikuweza kuyazuia. Yule msichana alisimama tu, akaenda kushikilia vyuma mpaka Machakos. Tangu siku hiyo maji nayamwagia lile ua."

Pale mwisho wa benchi kulikuwa na ua ndani ya debe. Wote tulikuwa tumelisifia jinsi lilivyostawi.

Nilitaka kulia, na nilitaka kucheka, na sikufanya lolote kati ya hayo. Nilimwambia, "Leo tunamwambia Sista. Mimi nitasimama na wewe." Akakataa. Tukabishana hadi kituoni. Mwishowe akasema, "Basi sema wewe. Lakini usitaje msichana."

Nur alikuwa ameshafika. Ramadhani ilikuwa imeanza juma hilo, na ingawa mgonjwa ameruhusiwa, alikuwa anaona haya kunywa mchana, kwa hiyo alikunywa vikombe vyake vitatu akiwa ameelekeza uso ukutani. Alinisikia nikimweleza Sista, akageuka na kikombe mkononi.

Sista hakukasirika. Alivuta kiti akaketi mbele ya mzee ili macho yao yalingane.

"Mwambie kosa ni langu," aliniambia. "Niliuliza umekunywa, sikuuliza unarudi nyumbani namna gani."

Nilimwambia. Mzee Mutiso akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeshtakiwa na sasa anaambiwa aende nyumbani. Sista akapanga: mzee atakunywa akifika, akimaliza mionzi atakojoa, atakaa nusu saa, atakojoa tena, ndipo apande basi. Akaandikiwa dawa ya tumbo. Akafundishwa kubana na kulegeza ile misuli ya chini, kama mtu anayezuia mkojo, mara kumi asubuhi, mchana na jioni, na sisi wengine tukafundishwa pamoja naye. Ukipita wakati huo ungeona wanaume sita wamekaa kimya, wanatazama mbele, nyuso zao zimekazana. Usingejua wanafanya nini, na ni heri.

Sista alipoondoka, Nur alikuja kukaa kati yetu. Sauti yake ya kunadi haikuwepo.

"Mwambie mzee," alisema, "mimi nilikaa mwezi mzima bila kwenda msikitini."

"Kwa nini?"

"Matone. Unachukua udhu, unasimama kuswali, tone linatoka. Nikaona mimi ni mchafu, siwezi kusimama na watu. Nikawa naswali nyumbani, nimefunga mlango. Sheikh akanitafuta. Nikamwambia. Akacheka! Akasema, Nur, huu ni ugonjwa, dini inajua ugonjwa. Jisafishe, weka kitambaa, chukua udhu kwa kila swala, uje." Akafunua kanzu kidogo, akatuonyesha ukingo wa kitambaa cha taulo. "Dada yangu ameshona kumi na mbili. Kinakunjwa mara tatu, ndani kuna nailoni. Kesho namletea sita."

Nikatafsiri yote. Mzee Mutiso akamtazama yule Msomali mrefu kutoka ndevu mpaka viatu.

"Asi!" akasema. "Hata yeye?"

"Hata yeye."

"Na wewe?"

"Mara mbili," nikasema. "Moja ilikuwa mahakamani."

Akaanza kucheka, nami nikamfuata, na Nur alipoambiwa kilichosemwa akajiunga, na kumbuka kwamba vibofu vilikuwa vimejaa. Sista alitoka mbio akitupigia kelele tunyamaze kabla hatujaharibu kazi ya saa nzima.

Siku hiyo nilizungumza pia na dereva wa basi letu la kurudi. Sikumwambia mengi, nilisema tu mzee wangu ana shida ya mkojo. Dereva alisema, "Baba yangu pia," na tangu hapo, kila siku karibu na Athi River, alisimamisha basi kando ya barabara, akashuka na kukagua magurudumu ambayo hayakuwa na tatizo lolote. Abiria watatu au wanne walishuka kila mara, na si wote walikuwa wagonjwa.

Mzee Mutiso hakurudi shambani. Damu ilikatika baada ya kama wiki moja, kuhara kukapungua, na ingawa uchovu alibaki nao, alirudia kulalamika kuhusu bei ya mahindi, nikajua yuko salama. Siku yetu ya mwisho mimi na yeye ilikuwa moja, Ijumaa ya Novemba, mvua inanyesha. Nur alikuwa amebakiza siku mbili, na Idi ilikuwa karibu. Sista Njeri alitushika mikono.

"Kumbukeni, mionzi haiishi siku mashine inapozimwa," alisema. "Wiki mbili hivi bado itawachoma. Msiogope. Mkiona damu, mje. Na mkiulizwa habari, msiseme nzuri kama si nzuri."

Ilikuwa kweli. Wiki mbili zile zilikuwa mbaya kidogo kuliko zilizotangulia, halafu Desemba asubuhi moja nikaamka, nikaenda choo, na mkojo ukatoka bila kuchoma. Nilisimama pale nikitabasamu peke yangu.

Mambo ya chumbani niyaseme, kwa sababu ndiyo wanaume huniuliza mwisho, wakiwa wameshika mlango. Sindano ile iliondoa hamu yote. Siyo kwamba nilitaka nikashindwa. Sikutaka, na hilo liliniogopesha zaidi. Daktari alisema huenda ikarudi baada ya sindano kuisha, na kwamba ziko dawa za kusaidia. Ilichukua zaidi ya mwaka, na haikurudi yote. Lakini katika mwaka huo, kwa ajili ya ile nusu saa ya Sista, mimi na Mama Mwende tulitembea kila jioni mpaka kanisani na kurudi, na siku moja akanishika mkono barabarani, watu wakituona. Hatukuwahi kufanya hivyo hata tulipokuwa wachumba. Watoto wa jirani walitucheka. Hatukuachiana mikono.

Februari, baada ya mavuno, Mzee Mutiso alituita Kalama. Kipimo cha damu cha kila mmoja wetu kilikuwa kimeshuka chini kabisa, na alisema mtu hawezi kuchomwa wiki saba asile nyama. Nur alifika na pikapu kutoka Kithimani, nyuma kuna beberu mweupe. Alimchinja mwenyewe, ili wote tule chungu kimoja. Kulikuwa na watoto wa mzee, wake zao, majirani, na shemeji yake Kioko, mwanaume wa miaka sitini hivi mwenye sauti kubwa, ambaye kila mara mmoja wetu alipoinuka kwenda msalani alisema, "Haya, benchi limesimama!" Mama Mwende alikula muthokoi sahani mbili, na mimi moja. Tumbo halikusema neno.

Tulipomaliza kula, Mzee Mutiso alisimama. Nilijua familia yake iliambiwa ni ugonjwa wa tumbo.

"Nilikuwa na saratani ya kiume, huku ndani," alisema kwa Kikamba, mbele ya wana na wakaza wana. "Nilijikojolea kwenye basi. Nilitaka kuacha matibabu nife kwa sababu ya aibu. Huyu Msomali alinifundisha kukunja kitambaa. Huyu wa koti aliniuliza swali. Nyama hii ni yao."

Wanawake wakatazama chini. Wana wake hawakujua waweke wapi mikono. Kisha mke wake, bibi mwembamba aliyekuwa amekaa karibu na chungu, akapiga vigelegele, kimoja kirefu, na wengine wote wakadakia. Nur akaniuliza amesema nini. Nilipomwambia, alisimama, akamkumbatia mzee mpaka kofia zote mbili zikaanguka. Kioko alicheka kwa sauti kuliko wote, akisema, "Mzee wa kitambaa! Mzee wa kitambaa!"

Jua lilipokuwa linashuka nilikwenda nyuma ya ghala. Nikasikia hatua. Kioko alikuja akasimama kando yangu, akitazama mahindi yaliyokauka.

"Hiyo kitu," akasema polepole, "inaanzaje?"

"Unaamka mara ngapi?"

"Si mimi. Niko na rafiki."

"Rafiki anaamka mara ngapi?"

"Tano. Juzi sita. Lakini ni mtu mwenye nguvu. Anabeba gunia."

"Hata mimi nilikuwa nabeba. Mwambie aende apimwe. Ikiwa si hiyo, atarudi akicheka. Ikiwa ni hiyo na imekutwa mapema, atatuona sisi."

Alipiga hatua mbili kurudi uani, kisha akasimama.

"Huyo rafiki," akasema, "anaogopa kwenda peke yake."

Nikamwambia saa ya basi.

Jumatatu alfajiri nilipofika stendi ya Machakos kulikuwa na baridi ya umande. Mzee Mutiso alikuwa ameshafika, amevaa koti la Jumapili, mfukoni vitambaa viwili vipya, vimekunjwa. Nur alikuwa ameahidi kutupokea Nairobi. Kioko alikuja wa mwisho, kimya, mkewe akimfuata nyuma na chupa ya chai.

"Rafiki yako yuko wapi?" Mzee Mutiso akamuuliza.

Kioko alimtazama mkewe, kisha akajigonga kifua kwa kidole kimoja.

"Ni huyu," akasema, na mkewe akamshika kiwiko, tukapanda basi.